Mshika Bendera wa Kona ya Mawe

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Niliamka, nikakanda unga wa mandazi, nikabeba karai na jiko hadi kwenye kibanda changu kando ya barabara kuu, ile inayotoka Lodwar ikapita Kakuma kwenda Lokichoggio. Jirani yangu Olive, mwanamke wa Burundi anayeuza chai na maharagwe, alikuwa ameshamwaga maji mbele ya kibanda chake ili vumbi litulie. Tukasalimiana. Watoto wa shule walikuwa wamejipanga upande wa pili wakisubiri kuvuka, wameshikana mikono, mkubwa wao akichungulia huku na huku. Upepo ulikuwa bado wa asubuhi, haujaanza kuchoma.

Naitwa Nakaale. Haya yalimpata shemeji yangu Aregae, mume wa dada yangu Akai. Sikuyasikia kwa watu. Nilikuwa nimekaa palepale, na karai langu mbele yangu.

Acha kwanza nieleze hapo mahali palivyo, maana bila hivyo hamtaelewa. Barabara kuu inakuja kutoka juu, inakata kona, halafu inateremka kwa kasi kuelekea laga, yaani mto mkavu. Pale kwenye kona ndipo njia ya kutoka kambini, kambi ya wakimbizi, inapoingia. Wajenzi walipokuja kuweka lami waliupasua mwamba, wakayafunga mawe kwa nyavu za waya, wakayapanga yakawa ukuta mrefu kuliko mtu, na ukuta huo wakauacha hapohapo kwenye mdomo wa njia ya kambini. Kwa hiyo anayetoka kambini haoni gari linalokuja, na wa kwenye gari haoni anayetoka. Mnaonana mkishafika katikati ya lami. Ndiyo maana tunapaita Kona ya Mawe.

Zamani, kabla ya lami, barabara ilikuwa mashimo matupu. Lori likitoka Lodwar lingeweza kulala njiani, na mama mjamzito aliyebebwa kwenda hospitali alikuwa anajifungulia garini kwa kurushwarushwa. Tuliomba lami makanisani. Ilipokuja, tulipiga vigelegele. Hatukujua kwamba yale mashimo ndiyo yaliyokuwa yanayashika magari mkia.

Matuta waliweka. Lakini waliyaweka mbele ya iliyokuwa kambi ya wajenzi, mahali ambapo leo hapiti hata mbuzi. Madereva wanapunguza mwendo pale patupu, wanalaani, wakishavuka wanakanyaga mafuta na kutufikia sisi wakiwa na hasira. Tulilalamika hadi tukachoka. Siku moja alikuja injinia na kofia yake ya plastiki, akapima, akapiga picha.

"Mama, mchoro ulikuja hivi kutoka juu," aliniambia.

Olive akamuuliza, "Huyo mwenye kuchora, alishafikaga hapa?"

Yule injinia alicheka, akanunua mandazi, akaenda. Tukapanga mawe wenyewe barabarani yawe tuta. Ikaja greda ikayasukuma, tukaambiwa ni kosa kuziba barabara ya serikali. Wiki iliyofuata mtoto wa shule aligongwa. Hata mfuko wa sandarusi aliobebea vitabu haukuonekana tena.

Sasa nirudi kwa ile siku. Jua lilikuwa limepanda vizuri pale Gatkuoth, kijana wa Sudan Kusini anayeendesha bodaboda, alipotokeza kutoka njia ya kambini akiwa amempakia Marie-Claire, fundi wa kushona kutoka Kongo. Tulikuwa tunawajua wote wawili. Gatkuoth alikuwa dereva mwoga, mwenye kusimama kabisa mdomoni mwa njia, kuzima injini na kusikiliza kabla ya kuvuka. Watu walimcheka kwa hilo.

Siku hiyo alisimama kama kawaida. Nilimwona. Akaangalia mbele yake kidogo, kama mtu anayeangalia mwenzake. Akatikisa kichwa kukubali. Akawasha pikipiki, akaingia barabarani.

Lori lilimkuta katikati. Marie-Claire alifia papo hapo, na nguo za watu alizokuwa amezishona zilitapakaa lamini hadi chini kwenye laga, magauni na sare, yamelala yamenyooka kana kwamba kuna watu ndani.

Mimi na Akai tulikwenda kumwona Gatkuoth hospitalini. Mguu ulikuwa umefungwa chuma. Alikuwa analia bila sauti.

"Mama Nakaale," alininong'oneza, "ile mtu ya bendera iliniambia pita."

"Mtu gani wa bendera?"

"Ile ya barabara. Iko na reflekta. Imeinua kijani. Mimi nasimama, yeye nasema pita, pita."

Nilimtazama Akai. Pale Kona ya Mawe hapakuwa na mtu wa bendera. Walikuwapo wakati wa ujenzi, vijana wa kushika bendera nyekundu na ya kijani ili magari yapokezane upande mmoja wa barabara. Kazi ilipokwisha walilipwa wakaenda zao. Hakuna hata mmoja wao aliyefia pale. Laiti angekufa mmoja, tungejua ni nani wa kuombewa.

"Ni dawa za hospitali," Akai aliniambia tukiwa nje.

Lakini baadaye dereva wa Probox akasema vilevile, akiwa amekaa chini kando ya gari lake lililokunjamana. Na mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa anavuka na mbuzi wake, yeye hakuwa hata na lugha ya kutueleza. Aliinua tu mkono wake na kuupunga taratibu, taratibu, kwa namna ya kuita. Alituonyesha hivyo mara nyingi. Kila alipouinua ule mkono, mbuzi wake waliobaki walirudi nyuma.

Hapo ndipo tulipofanya mkutano. Wazee walikuwapo, vijana wa boda walikuwapo, Mchungaji Didace wa kanisa la Wakongo alikuwapo. Serikali tulishaikatia tamaa. Aregae alisimama mwishoni. Shemeji yangu alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa mzaha, na wakati wa ujenzi alikuwa mmoja wa wale washika bendera. Bado alikuwa na reflekta yake, kile kizibao cha kung'aa, na bendera zake mbili nyumbani.

"Nitasimama mimi," alisema. "Kama kuna mtu anawadanganya watu kwa bendera, basi iwepo na bendera ya kweli."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Dada yangu hakupiga makofi.

Aregae alianza kesho yake. Alisimama pale mdomoni mwa njia, mbele ya ukuta wa mawe, mahali ambapo mtu anaona pande zote mbili. Lori likitokea kule juu, anawainulia nyekundu wa kambini. Barabara ikiwa tupu, anawapa kijani. Kuanzia watoto wa shule wanapokwenda hadi jua linapozama, yeye yuko. Madereva wa boda walimletea soda. Olive alimpelekea chai na kukataa asilipwe. Watoto walimpigia saluti.

Kwa muda mrefu hakugongwa mtu. Hata mbuzi. Nilianza kuwaza kuongeza kibanda. Usiku nilikuwa nalala bila kushtuka kwa mlio wa breki, na Akai alikuwa anaimba akichota maji. Sikumbuki tena wakati mwingine ambapo tulikuwa na furaha kama ile.

Halafu mchana mmoja, saa za jua la utosi, Aregae alivuka akaja kwangu kunywa maji. Hakufanya mzaha.

"Ejok, shemeji?" alinisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Umechoka?"

Alikunywa, akajifuta mdomo. Macho yake yalikuwa kule alikotoka.

"Shemeji, uwe unaniangalia mikono."

"Kwa nini?"

"Niangalie tu. Nikiinua nyekundu, uhakikishe ni nyekundu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba siku hizi watu wakitoka kambini hawamtazami usoni. Wanatazama pembeni kidogo mwa bega lake la kushoto. Akigeuka, anaona mawe tu na waya. Na asubuhi hiyo dereva mmoja wa trela kutoka Lokichoggio alikuwa amepunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akamwuliza kwa utani, "Leo mmeongezwa? Mbona mko wawili?"

Alirudi kazini kwake. Kuanzia siku hiyo nilimwangalia mikono.

Ajali ya kwanza mbele ya Aregae ilitokea wakati nikigeuza mandazi. Niliinua macho kwa sababu nilisikia akipiga kelele. Alikuwa ameinua bendera nyekundu juu kabisa, amesimama kwa vidole vya miguu. Niliiona. Ilikuwa nyekundu. Mwanamume mmoja wa kusukuma mkokoteni wa maji alikuwa anatoka kambini, na alikuwa anavuka huku anatabasamu, kama mtu aliyepewa njia kwa heshima. Landkruza ilitokeza konani. Jerikeni zilipasuka zote kwa pamoja.

Yule mwanamume hakufa siku hiyo. Tulimlaza chini, Olive akamshika kichwa. Aregae akapiga magoti kando yake. Mtu yule alipomwona, alimnyooshea kidole.

"Ni huyu," alisema. "Ndiye aliyeniambia nipite."

"Niliinua nyekundu!" Aregae alisema. "Waulize hawa!"

"Kijani. Nimekuona uso. Ulinichekea."

Alikufa njiani kwenda hospitali. Maneno yake yalibaki.

Mnajua watu walivyo. Waliokuwa wanamletea soda walianza kupita bila salamu. Kukaanza kunong'onwa kwamba Aregae ni mchawi, kwamba alijitolea makusudi, kwamba barabara inamlipa kwa damu. Mzee mmoja aliniuliza, mbele ya wateja wangu, kama shemeji yangu hula nyama siku za ajali. Nikamwambia aondoke. Lakini hakuna aliyenunua mandazi asubuhi ile.

Wazee walichinja mbuzi pale konani, wakasoma utumbo wake. Kawaida watasema ni nini, watatoa amri, hiki kifanyike, kile kiondolewe. Siku hiyo waliuangalia, wakaangaliana, wakaufunika kwa mchanga. Tuliwauliza wameona nini. Mmoja akajibu kwa sauti ya chini, "Hakuna kitu." Tukadhani anamaanisha pako salama. Akaongeza, "Ndani hakuna kitu chochote. Hata njia ya chakula." Nyama ya yule mbuzi haikuliwa hata na mbwa.

Mchungaji Didace naye alikuja na waumini wake, wakaimba, wakamwaga maji ya baraka ukutani. Alipomaliza aliniita pembeni.

"Mama, aache ile kazi," aliniambia. "Nimeomba nimefumba macho. Kuna mutu alikuwa anasema amina mbele yangu kila mara. Kabla sijamaliza."

Akai alimsihi mumewe aache. Nilikuwapo nyumbani kwao jioni ile, kuna mwanga bado, Akai amekaa mlangoni akimenya vitunguu.

"Acha, Aregae. Tuondoke hapa."

"Nikiacha watakufa."

"Si wanakufa hata ukiwepo?"

Aregae aliacha siku chache, kumridhisha. Katika siku hizo waligongwa baba na binti yake, na mwendesha boda mmoja. Aregae akarudi. Safari hii aliichoma bendera ya kijani mbele ya watu. Aliimwagia mafuta ya taa, akaiwasha, sote tukaiona ikiwa majivu.

"Sasa sina kijani," alisema. "Atakayeona kijani ajue si mimi."

Akawa anatumia nyekundu peke yake. Akiiinua, simama. Akiishusha, pita. Alitembea kambini akiwaelezea watu, mtaa kwa mtaa, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha Juba cha kuokoteza. Msipite mkiona kijani. Hakuna kijani. Wengi walimfungia milango.

Wakaendelea kufa. Si kila siku. Inapita wiki, tunaanza kupumua, halafu mmoja. Na aliyebaki na pumzi ya kusema alisema jambo lilelile. Kijani. Aregae. Alicheka.

Shemeji yangu alikonda. Alikuwa anasimama na mgongo ameuegemeza ukutani kabisa, ili pasiwe na nafasi nyuma yake ya mtu kusimama. Reflekta yake ilichanika kwa kusuguana na waya. Siku moja nilimpelekea chai nikaona mabegani mwake mikwaruzo mipya.

"Ni waya?" nilimwuliza.

"Waya uko nyuma yangu," alinong'ona. "Hii iko mbele."

Nikamwandikia injinia kwa simu, yule wa kofia. Nilimwambia hata tuta moja tu. Alijibu kwa adabu kwamba bajeti ya mwaka imefungwa na kwamba kona yetu iko kwenye mpango. Sikuwa na wa kumwambia mwingine.

Nafika sasa pale nisipopenda kufika.

Ilikuwa mchana. Upepo ulikuwa umekufa, lami inatoa mvuke, barabara yote inacheza kama maji. Akai alikuwa amekwenda kambini tangu asubuhi kumtembelea rafiki aliyejifungua. Aregae alikuwa mahali pake, ukutani, bendera mkononi. Olive alikuwa anaosha vikombe. Magari yalikuwa machache.

Nikamwona dada yangu anatokea kwenye njia ya kambini. Alikuwa amejifunga leso ya kijivu, kikapu mkononi. Alikuwa anatembea polepole kwa sababu ya jua.

Kule juu nikasikia lori.

Aregae pia alilisikia. Akaruka kutoka ukutani, akainua nyekundu.

"Akai, simama!"

Akai alisimama. Nikashusha pumzi.

Aregae akamgeukia, mkono juu, mkono wa pili ameunyoosha mbele kumzuia. Walikuwa karibu sana. Wangeweza kuongea bila kupaza sauti.

Lakini dada yangu hakuwa anamtazama mumewe.

Alikuwa anatazama kando yake. Kushoto. Mahali patupu, juu ya lami. Na uso wake ukalainika, ukawa ule uso aliokuwa nao siku za kwanza za ndoa yao, Aregae akirudi nyumbani.

Akatabasamu. Akatikisa kichwa.

"Akai!" nilipiga kelele. "Akai, hapana!"

Aregae akamrukia. Akamshika mkono. Nawaambia alimshika, niliona vidole vyake kwenye mkono wa dada yangu. Na dada yangu akauvuta mkono wake, kwa hasira kidogo, kama unavyojivuta kwa mtu usiyemjua. Akamwangalia mumewe kama mgeni. Akaingia barabarani.

Lori lilikata kona.

Sikumbuki nilivyovuka. Nakumbuka viatu vyangu vilibaki upande wa kibanda. Nakumbuka dereva ameshuka, ameshika kichwa, anasema, "Nimepewa njia, nimepewa njia." Nakumbuka vitunguu kutoka kwenye kikapu vinateremka vyenyewe kuelekea laga.

Akai alikuwa bado hai. Aregae alikuwa amempakata. Midomo yake ilikuwa inatembea, nikainama ili nisikie.

"Aregae," alisema.

"Niko hapa. Niko hapa, mke wangu."

Hakumwangalia. Alikuwa anaangalia tena pembeni, juu ya bega la kushoto la mumewe.

"Mbona uliniita?" alisema. "Mbona uliniita, halafu ukaondoka?"

Hakusema kitu kingine.

Tulimzika Akai nyumbani kwetu, mbali na barabara. Aregae hakulia mazishini. Alikuwa ameweka mikono yake mifukoni na hakuitoa, hata kumwagia mchanga kaburini. Kaka yangu alimsaidia. Baada ya mazishi vijana walikuja na mawe kumtafuta, maana dereva wa lori naye alikuwa amemtaja. Tukamtorosha alfajiri kwa gari la wafanyabiashara wa samaki, hadi Nariokotome kwa ndugu za mama yake. Yuko huko hadi leo. Ndugu zake wananipigia simu. Hula akilishwa. Mikono yake ameifunga kwa kitambaa, wa kushoto na wa kulia pamoja, na mtu akijaribu kuifungua anapiga mayowe.

Nilidhani akishaondoka angalau watu wataacha kumwona.

Mwezi uliopita walikuja watu wa barabara, wakachora mistari myeupe ya kuvukia watu. Waliichora chini, karibu na laga, mahali ambapo hakuna njia wala nyumba, maana mchoro ulisema hivyo. Wakapiga picha. Ukuta haujaondolewa. Matuta bado yako kule patupu. Olive amehama, amekwenda kuuzia chai Kalobeyei. Aliniaga akiwa ameshaanza kutembea, hakutaka kusimama. Mimi sina pa kwenda. Kibanda changu ndicho nilicho nacho, na wateja wangu ni wale wanaopita hapo. Wale wanaobaki.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kazi upande wa kambini. Wakati wa kurudi nilifika mdomoni mwa njia, nikasimama, nikasikiliza, nikachungulia pembeni ya ukuta. Hakukuwa na sauti yoyote. Nikainua macho.

Shemeji yangu alikuwa amesimama kwenye lami.

Alikuwa amenenepa kidogo, kama zamani. Reflekta yake haikuwa imechanika. Alinitazama kwa lile tabasamu lake la mzaha, na moyo wangu, nawaambia ukweli, ulifurahi. Sikuogopa hata kidogo. Nilijua kwamba Aregae yuko Nariokotome amefungwa mikono, nilijua hivyo vizuri kabisa, na mguu wangu ukatoka. Akainua kijani. Akaupunga mkono taratibu.

Kilichoniokoa sijui. Mzee mmoja nyuma yangu alikohoa, na mimi nikageuka kumwangalia. Ni hivyo tu. Basi la abiria la kwenda Lodwar likapita mbele ya pua yangu, upepo wake ukanivua leso kichwani. Nilipotazama tena, lami ilikuwa tupu inacheza na jua.

Sikuvuka. Nilizunguka hadi chini lagani, mwendo mrefu, nikatokea upande wetu. Lakini jioni, watu walipokuwa wengi, nilimwomba yule mzee anisindikize tukaangalie pale nilipomwona Aregae.

Kwenye lami kulikuwa na alama za nyayo. Pekupeku. Zimezama kama lami ilikuwa uji wakati zinakanyagwa, ingawa mzee alipobonyeza kando yake kwa fimbo, lami ilikuwa ngumu kama jiwe. Zilikuwa nyayo za mtu mrefu. Hazikuelekea njia ya kambini, wala upande malori yanakotokea. Vidole vyake vilikuwa vinaelekea vibanda vyetu.

Mzee alinigusa mkono, akanionyesha kwa fimbo.

Kando yake, kushoto, karibu kabisa hadi zinagusana, palikuwa na jozi nyingine. Ndogo. Za mwanamke. Lami ndani yake ilikuwa bado na joto.